Vyuma vya Msamaha

Duka la Rhona lipo nyuma ya stesheni,
pale palipokuwa bucha. Kulabu za nyama zimebaki darini,
siku hizi zinaning'iniza mifuko ya vyuma.
Niliingia nikikung'uta mvua, nikasema naangalia tu.
Huku Fife ndivyo asemavyo mtu aliyekuja kununua.

Sabini na tatu nimetimiza Februari.
Kidole gumba kimefunga fundo
kama kamba iliyokazwa na mtu mwenye hasira.
Namba saba, iliyonipeleka yadi mia na hamsini,
sasa yatua mia na ishirini, tena ikihema;
na asubuhi za baridi, nikigusa mpira kwa ncha,
chuma chaning'ata vidoleni, chapanda, chafika kiwiko.

Seti ile ni ya baba.
Myembamba mgongo, uso kama wembe,
na kitovu chake, pale panapotaka mpira,
hakizidi kifungo cha shati.
Baba alikuwa mwashi. Jiwe lisilokaa sawa
alilitupa chini ya jukwaa, hakuliangalia tena.
Ukikosea, alisema, ujue. Uumie ndipo ujue.
Miaka hamsini nimejua.

"Hivi hapa," Rhona akasema, "vinasamehe."
Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja rangi.
Akanigeuzia kimoja: tako pana,
mgongo umechimbwa kama bakuli,
uzito umesukumwa pembeni, kulekule ninakokosea.
Nikauliza, vinasamehe nini?
"Karibu yote, Bwana Geddes. Ila kuinua kichwa."

Nikavisogeza mbali, nikavirudisha karibu.
Vinene, kama viatu vya mtu mwenye miguu mibovu.
Nilivicheka vya namna hii, na mbele ya watu,
siku Wattie Imrie alipokuja na seti yake mpya
akachukua kikombe cha majira ya baridi.
Majembe hayo, nilisema, nenda kapande viazi.
Kilabu kizima kiliangua kicheko. Wattie alikunja kadi yake
akaitia mfukoni polepole, pande nne, pande nane.
Tangu hapo ni salamu ya kichwa tu. Mwaka wa nne.

Kwenye kioo kando ya wavu niliona
gofu la mtu limekuja kutafuta gofu.
Nikapiga. Vibaya, nilisikia mwenyewe, karibu na kisigino.
Mkono ukasubiri maumivu yake.
Hayakuja.
Skrini ikaandika mia na thelathini na moja, katikati.

Sikufurahi. Nilihisi kama mwanafunzi
aliyepewa alama za jibu la jirani.
Nikapiga tena, makusudi, ovyo. Mia na ishirini na nane.
Nikampigia Effie simu, nikamtajia bei,
nikakumbusha mfereji wa paa unaovuja.
"Nunua," akasema, "kabla hatujaanza kununua mkono."

Jumamosi upepo ulitoka baharini, nyasi zimelala.
Nilikuwa nimemwandikia Wattie mistari miwili:
saa tatu, ukipenda. Akaja saa tatu kasoro.
Aliutazama mfuko wangu. Matako yale mapana
yakimeta kama sufuria za bibi harusi.
Nilikuwa nimeandaa majibu matatu.
Hakusema kitu. Akauliza habari za goti la Effie.
Afadhali angenitukana.

Shimo la nne, kandokando ya ukuta wa makaburi,
nikaukata mpira kwa ncha kabisa,
pigo ambalo baba angeondoka uwanjani kwa aibu yake.
Ukapaa kidogo, ukayumba, ukadondoka
kwenye majani mafupi, hatua tano na bendera.
"Hilo sikulistahili," nikasema.
"Hapana," akasema Wattie, akiwa ameshaanza kutembea.

Nikaupiga kuelekea shimoni. Ukapita kushoto.
Kifimbo cha mwisho bado ni cha baba.