Mkaguzi wa Mwisho

Hashimu Chinguile amemwaga visu vya kukunja juu ya turubai,
boksi zima, kama mtu anayemwaga dagaa.
"Elfu tatu mia tano, chagua. Vyote ndugu, tumbo moja."
Sijibu. Nachuchumaa.
Nimeshanunua visu sita hapa Tandahimba,
najua ndani ya boksi hakuna ndugu.

Cha kwanza nakifungulia sikioni.
Kisu kizuri husema neno moja: ta.
Hiki kinasema tata-ta,
kama mtu anayetafuta uongo. Nakirudisha.
Cha pili nakishika ncha, nakitikisa.
Ribiti inacheza tunduni
kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake.
Cha tatu kina kichwa cha simba, kimepakwa dhahabu.
Nakikunja, nakiinua juani, nachungulia:
bapa limelala upande, linakwaruza mpini.
Simba huyu atajila mwenyewe kabla ya masika.

"Mama, unanunua kisu au unaposa?"
Wanacheka, hata muuza vocha.
Namwonyesha Hashimu kidole cha shahada.
Kovu hili ni la kisu chako cha mwaka juzi.
Komeo lilichoka siku ya tatu,
kikajikunja, kidole kikiwa ndani.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
changu kilikaa kwenye pindo la kanga.

"Mimi naletewa tu," anasema. "Nafungua boksi kama wewe."
Hapo sina ugomvi naye.
Huko vilikotoka mtu alivihesabu, hakuvitazama.
Bandarini wakatazama karatasi.
Kariakoo wakatazama bei.
Mkaguzi wa mwisho ni mimi,
na ukucha wa dole gumba,
na magoti yanayoanza kuuma.

Cha nne, cha tano, sitaki hata kuvisema.

Cha tisa kina mpini wa plastiki,
kijani kama korosho changa,
na jina la kiwanda limekosewa herufi.
Ta.
Nakitikisa: kimya.
Nausukuma mgongo kwa kiganja: komeo halitetereki.
Napitisha makali juu ya ukucha: hayakwami.
Natoa mkobani kijiti cha mkorosho nilichokuja nacho
(wanacheka tena)
nakata mshazari, mkato mmoja.
Kidonda ni bapa, kibichi, hakina nyuzi.
Bi Somoe aliyenifundisha kubebesha miche alikuwa akisema
mti husamehe kidonda, hausamehi mparuzo.

"Punguza, hata jina limekosewa."
"Kwani utakata kwa jina?"
Akapunguza mia tatu.

Kitaluni nilibebesha miche mia na ishirini.
Nilichonga kikonyo, nikapasua shina, nikavipachika,
nikafunga nailoni, nikasogea kwenye kiriba cha pili.
Siku ya ishirini na moja
tisini na minane ilikuwa imechipua.
Ishirini na miwili ilikauka.
Siwezi kusema ni kisu. Siwezi kusema si kisu.
Ninachojua, kila nikifika mche wa arobaini makali hulala,
nayaamsha kwenye kitako cha kikombe cha kauri.
Chuma laini, kumbe.
Kinolewacho hupata, sawa,
lakini kuna kinachonolewa kikaisha,
na hilo sokoni halina sauti,
hata ukitega masikio yote mawili.

Mwezi uliofuata nikakuta turubai lina marundo mawili.
La kushoto, elfu tatu mia tano.
La kulia, elfu tano.
"Hivi vinasema ta," Hashimu akaniambia,
bila aibu, kama vile sikio ni lake.

Nikachuchumaa.
Nikaanza na la kushoto.