Kikohozi Upande wa Pili

Santuri ni tatu tu, nyimbo sita.
Zilirekodiwa stoo ya kahawa, nyuma ya stesheni ya Moshi,
magodoro ukutani, magunia mlangoni,
usiku, maana mchana mabehewa hayakuwa na adabu.

Ndewirwa Kirita alifundishwa tarumbeta na kanisa.
Walimtaka apulize malaika washtuke,
jeneza lijue linakokwenda.
Yeye akapuliza kama mtu anayempozea mtoto uji.
Mwalimu wa bendi akasema: huyu hana mapafu.
Alikuwa nayo. Hakutaka kuyatangaza.

Baadaye, nasikia, alivuka mpaka, akashonewa suti,
akawekewa magitaa matano na waitikiaji wa kupiga makofi.
Santuri hizo pia ninazo.
Nazifuta vumbi kwa heshima, nazirudisha kabatini.

Hizi za kwanza ndizo zinazochakaa.
Sindano imezichimba kama mfereji
unaoshuka mgombani kutoka mlimani:
maji yamekwisha kujua pa kupita.

Wanaoniletea pasi na feni hapa Mbuyuni
husahau walichofuata.
Jana kijana wa bodaboda alizima injini,
helmeti bado kichwani, akauliza:
huyu katoa mpya?
Nikamwambia ndiyo, mpya,
ya mwaka sitini na moja.

Sitasema ni ufundi. Wimbo wa pili
kuna sauti anaikosa, anaikosa waziwazi,
halafu anakaa nayo,
kama aliyebisha hodi nyumba siyo
akaamua aingie tu, asalimie.

Na upande wa pili, karibu na mwisho, mtu anakohoa.
Mama alikuwa akisema: ni mimi.
Nilipeleka chai, vumbi la maganda likanikaba.
Mama mdogo Aikaruwa naye: ni mimi,
wewe usiku ule ulikuwa na homa.
Waligombea kikohozi hicho miaka arobaini,
hata msibani, hata kwenye mbege ya harusi yangu.
Sasa wamelala kihambani, kaburi kwa kaburi,
na shauri halijaamuliwa.

Nikishafunga duka, naweka upande wa pili.
Nasubiri. Kikohozi.
Tarumbeta inanyamaza pumzi moja,
kisha inarudi, chini zaidi,
kana kwamba imeuliza: umefika?
na aliye mlangoni, birika mkononi,
ameitikia kwa kichwa tu.