Kabla Hatujaingia Msituni

Shati hilo jeupe livue, mgeni wangu.
Ndege hajui kusoma, ila nyeupe anaijua:
ikimeta kwenye majani huwa ni kifua cha mwewe.
Nina koti la marehemu baba, rangi ya tope,
lina tundu kwapani. Vaa.

Suruali ichomeke ndani ya soksi. Usicheke.
Aliyekuja mwezi wa nne alicheka hapa hapa Isecheno,
na nusu saa haikupita alikuwa nyuma ya mtini
akivua kila kitu, siafu wakimhesabu mbavu.
Lakini nikuambie: ukiwaona siafu, usitoroke.
Rudi hatua kumi, chutama, nyamaza.
Panzi na mende wanaolikimbia jeshi lile
wana wa kuwapokea mbele.
Yule ndege wa kahawia, mwenye haya,
asiyeshuka chini kwa heshima ya mtu,
kwa siafu atashuka.
Adui wa mguu wako ni mwenyeji wa jicho lako.

Beba penseli. Wino huku hulia
saa tisa mvua ikija, na itakuja.
Daftari litie kwenye mfuko wa maziwa uliooshwa.
Darubini usiivae kama mkufu wa harusi,
ishike. Ukimwona ndege, macho yabaki pale pale tawini,
darubini ndiyo ipande kuyafuata.
Wengi hutazama chini kuitafuta,
wakiinua uso, tawi linatikisika tupu.

Maliza chai. Na nduma hii pia,
tumbo la njaa hunguruma kuliko mbega.

Jumamosi usinipigie simu.
Jumamosi fahali wanapigana Khayega,
isukuti inapita barabarani hata jua halijatoka,
ndege wanahamia ndani, ndani kabisa,
na mimi, kusema kweli, huwa nyuma ya ngoma.

Wapo wanaokuja na sauti ya ndege ndani ya simu.
Wanabonyeza, dume anakuja mbio
kupigania mke ambaye hakuna aliyemtaka.
Mchana kutwa anamtafuta adui, hali,
na kiotani midomo minne iko wazi.
Yako izime. Hapa tunangoja.

Kungoja alinifunza baba, Lihanda mtega ndege.
Alichemsha utomvu wa mtini kwenye kopo la rangi,
akaupaka kijitini, akaninong'oneza:
Muhonja, pumua kwa pua, mate usimeze.
Nimeuza ninga sokoni Shinyalu,
wawili shilingi kumi,
miguu imefungwa kwa uzi wa gunia.
Mmoja alinitazama njia nzima.
Basi ukiniuliza cheti changu kiko wapi,
sina cha kutundika ukutani.
Ninalijua tawi la kupaka ulimbo,
na tawi la kutazama ni lile lile.

Sitakuonyesha kwa kidole, kidole hufukuza.
Nitakutajia saa. Mti ni uso wa saa:
kileleni ni saa sita, shinani saa kumi na mbili,
saa tisa ni kulia kwako, saa tatu kushoto.
Saa yetu hiyo, si ya Kizungu.
Kuna bwana aliyekosea akatazama kushoto asubuhi nzima,
akarudi kwao na picha za majani.

Shorobo mkubwa wa buluu siwezi kukuahidi.
Huenda tukamwona akikimbia juu ya tawi
kama mama mkwe aliyeambiwa wageni wamefika.
Huenda tukasikia tu akikohoa huko juu.
Hata hilo liandike, na saa, na mti.
Usiandike ulichotaka kuona.

Sasa zima tochi. Acha macho yazoee.
Usinikanyage visigino, usiniulize kitu
mpaka tuvuke kijito.

Ngoja.

Saa tatu, chini kidogo.
Usigeuke haraka.