Punje ya Kumi na Saba

Bahasha ilifika Kisumu Jumanne,
muhuri wa forodha umeigonga usoni,
na ndani, kila moja katika kitundu chake,
punje thelathini za floridi ya lithi,
nyeupe, ndogo kuliko mchele wa Ahero.
Nilizituma mwenyewe mwezi wa tatu
zikiwa hazijui lolote.

Sasa zinajua.
Zimelala ng'ambo ndani ya kichwa cha plastiki
kilichochongwa kwa vipimo vya kichwa cha Lusike,
miaka sita, wa Chwele,
mwenye uvimbe nyuma ya jicho la kushoto.
Yeye bado yuko kwao, anasubiri tiketi.
Kichwa chake cha plastiki kimetangulia kupigwa.

Eksirei ni mgeni asiyejua pa kukomea:
huingia, huunguza, hutokea upande wa pili
na bado ana la kusema.
Protoni huenda kimya,
inadondosha sumuni hapa, sumuni pale,
kisha pale ilipoagizwa kusimama
inamwaga mfuko mzima
na haivuki.

Nazima taa. Naipasha punje moto:
nyuzi mia, mia mbili, mia mbili arobaini,
nayo inatoa nuru iliyoiweka tangu huko,
ya samawati, hafifu, jicho langu haliioni,
mashine ndiyo inayoihesabu.
Husema mara moja tu.
Ukiiuliza tena, haina habari.

Kwenye ya kumi na saba stima ikapotea.
Nilisikia Kibuye nzima ikiguna kwa pamoja,
jenereta ya hospitali ikakohoa, ikakohoa, ikashika.
Sekunde kumi na moja.
Punje ilikuwa imeshaanza kusema.
Ikamalizia gizani, bila mwandishi.

Na kati ya zote, ndiyo hiyo
iliyokaa ukingoni mwa neva ya jicho.
Ya kumi na sita: grei moja nukta tisa.
Ya kumi na nane: sufuri nukta tatu.
Kati yao kuna genge,
na neva imekaa kwenye genge.

Ningeweza kuandika wastani.
Kalamu ilikuwa mkononi.
Nani angejua?

Nikampigia mama yake.
Rasoa huuza vitunguu, anajua vipimo kuliko mimi.
Nilimwambia kwanza lile dogo: kwamba punje hizi,
pale protoni inapomwaga mfuko,
husema pungufu ya walichopokea;
mzigo ukizidi, zinashindwa kuutaja wote.
Akacheka. "Kama gorogoro lililobonyezwa kitako.
Sote sokoni tunalijua.
Unapima, halafu unaongeza konzi."
Ndiyo, nikasema. Konzi tunaijua. Tuna jedwali lake.

"Basi shida iko wapi?"

Shida ni moja iliyonyamaza, mama.
Kwenye safu yake nimeandika *haikusomwa*.
Natuma nyingine. Siku kumi zaidi,
labda kumi na mbili, kwa sababu ya forodha.

Kuku aliwika kwenye simu, saa tisa alasiri.
Nikasikia mtoto akiuliza kitu kwa Kibukusu,
na mama akimjibu, *bado*.
"Tiketi wanabadilisha kwa pesa," akasema.
Najua.
"Ng'ombe wa pili ndiye huyo tuliyeuza."
Najua.
Akakata kabla sijatamka pole.

Dakika mbili, akapiga tena.
Alitaka kujua kama punje zenyewe ni zile zile,
kama huwa zinaoshwa kwanza.
Kwa moto, nikamwambia.
Nyuzi mia nne, saa nzima,
hadi zisahau kila kitu zilichobeba.

Akakaa kimya muda, salio lake likienda.
"Zina bahati," akasema.