Jicho la Nusu

Ulianza kwa kidole kimoja, mkono wa kulia,
kama mtu avutaye uradi bila tasbihi.
Nikasema ni uchovu. Miaka arubaini natoboa macho ya kofia,
macho madogo kuliko punje ya mtama;
kidole nacho kina haki ya kuchoka.
Kisha uzi ukakataa tundu la sindano.
Kisha mguu ukagoma kizingitini,
mguu wangu mwenyewe, nauamrisha, unanitazama.

Daktari, kijana mwenye sauti ya chini,
aliutaja ugonjwa kwa jina la Kizungu, akaandika vidonge,
halafu maelezo yote akampa mke wangu.
Alishajua nani kati yetu husikiliza.

Mwanakheri akanunua saa ya mezani,
ya plastiki, rangi ya pilipili mbichi,
inalia kama kuku aliyekanyagwa:
kumi na mbili asubuhi, sita mchana, kumi na mbili jioni.
Nikamwambia, kwani Langoni kuna uhaba wa adhana?
Akajibu: adhana hufuata jua, na jua husogea.
Kidonge hakilijui jua.

Kidonge kwanza, na maji bilauri nzima.
Kisha nusu saa ya kungoja.
Samaki ananukia jikoni, maharagwe ya nazi yaniita,
nami nimekaa kama mgeni asiyekaribishwa.
"Dawa na samaki hugombea mlango mmoja," asema,
"na samaki ana mabega mapana."

Siku moja nilikisahau cha mchana.
Jioni nikataka kumeza viwili, nilipe deni.
Akanikamata kiganja; vidonge vikabaki juu yake vinacheza.
"Hapa si dukani kwa Bajuri. Kilichopita kimepita.
Meza kimoja, cha saa hii."

Lakini kosa kubwa nililifanya mwezi ulipoandama.
Sikumuuliza mtu. Nikavificha vidonge chini ya godoro
nikanuia saumu, kamili, kama ya ujana.
Siku ya kwanza nilijisifu.
Ya tatu nilikuwa mlango uliovimba kwa mvua,
haufungi, haufunguki,
uso ukutani, jasho latiririka, ulimi mzito kama gogo.
Walinibeba kwa kiti hadi hospitali.
Yule kijana hakupandisha sauti hata siku hiyo:
"Mzee, dawa hii haikatwi kwa meno kama uzi.
Hupunguzwa, na wa kuipunguza ni mimi."

Sheikh naye alikuja, akaketi kitandani,
akanisomea udhuru wa mgonjwa, akasisitiza fidia.
Sikulia kwa homa. Nililia
Mwanakheri alipopima kibaba cha kwanza cha mchele
akampelekea jirani, kwa niaba ya kinywa changu.

Sasa huamka kwa awamu: nakaa,
nashusha miguu, nahesabu hadi ishirini, ndipo nasimama.
Nikiharakisha, ukuta wanijia.

Na paka. Mji huu hauna haja ya kuongezewa paka,
ila usiku mmoja niliona watatu ngazini,
wa tatu mweupe, mtulivu, hana kivuli.
Nilinyamaza juma zima, nisiitwe mwendawazimu.
Nilipomwambia hakucheka. Aliandika daftarini
siku na saa, akampigia daktari simu,
na daktari akabadilisha kipimo.
Siku hizi nikiwa na shaka nauliza tu, "Wangapi?"
"Wawili," asema, bila kuinua macho kwenye mchele.

Baada ya kifungua kinywa hunijia kama saa mbili njema.
Mkono unamrudia bwana wake.
Navuta kiti penye mwanga, natoboa, nazungusha uzi, nakaza.
Kofia moja sasa huchukua miezi saba, na mistari yake
ina mahali pamepinda; mnunuzi wa zamani ataona.
Kisha kuku wa plastiki analia.
Naweka sindano chini, katikati ya jicho.
Jicho la nusu linanitazama.
Nalo lingoje.