Mteremko wa Cimpunda

Kijana wa pikipiki mpya amekuja tena Jumanne,
kaizunguka mara mbili bila kuigusa
kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba.
"Mzee, dola themanini. Ni bei ya vyuma chakavu."
Nikamwambia kaa kwanza, unywe chai.
Akanywa. Akasema tisini.

Mwaka ule ofisi ya maji haikuwa na mshahara.
Miezi kumi na moja, kisha mkurugenzi akatuita uani:
mmoja akapewa meza, mwingine mabati,
Ntabaza akapewa pampu iliyokufa,
akaibeba kichwani mpaka Bagira.
Mimi nikapewa hii, na kofia ya chuma isiyo na mkanda.
Kibao chake bado kinasema Zaire.
Polisi wa Fe Ruji wamechoka kunikamata kwa hilo;
mmoja aliipigia saluti, akacheka, akaniomba sigara.

Sikuipa jina.
Jina ni la kumwita aliye mbali.

Ukitaka kujua nani ni wa nyumba hii,
tazama shavu la mguu wa kulia.
Egzosi haina kikinga tangu tulipoanguka Ngomo,
na kila aliyepanda bila kuonywa
alishuka na muhuri, mviringo kama sarafu.
Nsimire anao: alilia mpaka Nyawera,
kesho yake akauonyesha shule nzima.
Mkunga wa Panzi anao.
Padri mmoja anao, jina silitaji.
Cibalonza alikuwa nao, na yeye hakulia.
Alisema, sasa hata nikipotea sokoni utanijua.
Dada zake walipomwosha waliuliza
kovu hili la nini,
na mimi nyuma ya pazia
nilijua jibu, sauti ikakataa.

Goti langu limeikataa kiki tangu mvua za Machi.
Nikipiga mara tatu,
ya nne linanipiga lenyewe, usiku, kitandani.
Fundi Bisimwa anasema tuweke betri na kitufe.
Nikamwuliza, utatoboa wapi? Akainama, akatafuta spana.
Lakini Mungu aliujenga mji huu
kwa ajili ya wenye pikipiki mbovu:
mlango hapa hufunguka mtelemkoni.
Nasukuma hatua nne, napanda, gia ya pili,
naachia klachi, inakohoa, inakubali.
Na mimi nakohoa.

Leo asubuhi sikuachia klachi.
Sikukusudia. Mkono ulisahau, au ulitaka kuona.
Tukateremka kimya.
Miaka thelathini na minne njia ile ile
na sikuwahi kuisikia:
mtu anatwanga sombe,
redio inasoma majina ya waliofariki,
wanafunzi wanakariri mito,
mwanamke anamkemea mbuzi kwa Kimashi, kwa adabu,
na mnyororo wetu unahesabu meno yake
kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.
Kumbe kulikuwa na mji mzima
chini ya kelele zangu.

Tukasimama barabara ilipochoka,
ziwa likichungulia kati ya paa mbili.
Hapo ndipo mtu hukumbuka kwamba alishuka.

Wakaja watoto watatu na madumu ya maji.
"Tusukume, babu? Mia mbili kila mmoja."
Wakayatundika madumu kwenye usukani,
wakubwa wawili nyuma, mdogo ubavuni, kulia.
Nikauona mguu wake ulipo.
"Pita kushoto!" Nilipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka.
Mtoto akacheka.
"Imepoa, babu," akaweka kiganja juu ya egzosi,
akakiacha pale.

Kweli ilikuwa baridi, kama sufuria ya jana.
Nikamwambia atoe mkono hivyo hivyo.