Daftari la Azima

Niliitwa Igombe kuandika vibao,
kwa kuwa mwandiko wangu, kasema shangazi Nkwimba,
hauyumbi kama wa mwalimu Lugwisha.
Ghala la pamba la zamani, bati limekula kutu,
nyuzi nyeupe zingali zimenasa kwenye nyufa za ukuta;
ukipiga chafya, zinaamka.

Nikaandika: KINU CHA MTAMA, MTI WA MNINGA.
Nikageuka nikibandike. Kinu hakipo.
"Kiko msibani kwa kina Shigela.
Kitarudi matanga yakiisha."
Nikaandika: KARABAI YA KUVULIA DAGAA.
Msumari mtupu.
"Usiku huu hakuna mwezi, mwanangu.
Ulitaka ining'inie hapa ikiangaza nini?"

Jembe la ngoma lilirudi Jumatano
na tope jeusi la mbugani shingoni.
Nikachukua kitambaa.
"Acha. Hilo nalo liandike."

Daftari lake ni la shule,
nyuma lina jedwali la kuzidisha:
*Kigoda. Holo. Mkwe anakuja.*
*Chungu cha maziwa. Kimerudi na ufa.*
*Amelipa kuku. Kuku ameliwa.*
*Ngozi ya kubebea mtoto. Mtoto bado hajazaliwa,*
*lakini wameshaichukua.*

Afisa kutoka mjini akahesabu kwa kalamu:
vibao kumi na sita, vitu saba.
"Makumbusho gani haya, mama?"
Shangazi akamwekea michembe na karanga
katika kibuyu chenye kibao namba tisa.
Akala. Akaomba maji.
Hakuuliza tena.

Kitu kimoja tu kimefungiwa,
sandukuni, na ufunguo uko kwenye pindo la khanga yake:
jiwe la mizani la mnunuzi wa pamba,
chuma, limelainika kwa viganja.
Akaligeuza. Chini pana tundu,
na ndani ya tundu, risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa.
Babu aliuza misimu kumi na miwili juu ya jiwe hili,
akirudi nyumbani akilaumu mvua,
akilaumu wadudu,
mara moja akamlaumu bibi.

"Hili haliazimwi," akasema.
"Likitoka asubuhi, jioni limeshapata kazi."

Nikauliza niandike uzito gani.
Akafikiri, huku nje mtu akipiga hodi,
pengine anataka ungo.
"Andika ule wa kwake. Kilo ishirini.
Halafu shuka mstari,
andika wetu."

Ishirini na tatu.